Pesa za Aliyenikata

Jumatatu, 3 Machi

Omena zote, dagaa wetu wa ziwani, zimeisha kabla ya saa nne. Kukaanga naweza. Kufunga kwa karatasi siwezi, dada yangu Pamela hunifungia. Mkono wa kulia umebaki na gumba na kidole cha mwisho. Hapa naandika kwa kushoto, kwa hiyo maneno ni machache.

Wakili amepiga simu. Tutasikizwa Jumanne ya wiki ijayo. Ogola yuko jela na mahakama ilishasema anilipe fidia. Mitumbwi yake aliiandikisha kwa jina la ndugu yake siku mbili baada ya kunikata. Kilichobaki ni pesa zake kwenye ile benki ndogo iliyofungwa. Bima ya amana, ile inayorudishia watu akiba benki ikifungwa, itamlipa. Sheria inasema malipo hayo ni ya mwenye akaunti na hakuna mwingine wa kuyagusa. Wakili anataka jaji aseme aliyeumizwa atangulie.

Nami nataka. Nataka mpaka meno yananiuma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeota tena. Niandike, labda itatoka.

Kwetu Asembo, ufukweni nilikouza kabla ya kukatwa, mama wa omena humpa mwenye mtumbwi pesa mapema. Yeye hununua nyavu. Mtumbwi ukifika, wewe unapimiwa kwanza. Hakuna karatasi, tunaaminiana. Ogola alichukua pesa zangu, kisha siku tatu mfululizo akawauzia watu wa lori. Siku ya nne niliingia majini na beseni langu, nikashika ukingo wa mtumbwi. Nikamwambia sitoki. Akainua panga akakata hapohapo niliposhika.

Vidole vitatu vilianguka ndani, juu ya samaki. Sikusikia uchungu. Nilisikia mbao ikigongwa. Mtu alivitupa mchangani na kuku wakaja kudonoa. Atieno, rafiki yangu wa tangu shule, aliwafukuza kuku kwa teke. Alivua leso yake akanifunga, akanishika kwenye pikipiki hadi hospitali. Damu yangu ilimlowesha hadi miguuni.

Jumapili, 9 Machi

Atieno amekuja kutoka Asembo na akina mama wanne. Nilidhani wamekuja kuniombea.

Pesa walizompa Ogola mapema ziko kwenye akaunti hiyohiyo, kwa jina lake. Ndugu yake amewaahidi kwamba bima ikilipa atanunua nyavu na kila mama atapimiwa haki yake. Nikizichukua mimi, wao wamekwisha. Nilikuwa najua. Nilijifanya nimesahau.

Atieno alisema, "Mama Awuor, hiyo pesa si ya Ogola peke yake. Wewe unataka kukula sisi juu ya makosa yake?"

Sufuria ya mafuta ilikuwa jikoni, yanachemka. Niliimwaga miguuni pake. Haikuniponyoka. Nilimwaga makusudi. Ngozi ya mguu wa kushoto ilitoka na kiatu. Wenzake walimbeba wakikimbia, nami nikasimama mlangoni nikiwatukana mama zao. Awuor wangu wa miaka saba aliona yote.

Jumanne, 11 Machi

Mahakamani Kisumu. Atieno hakunishtaki. Alikaa nyuma, mguu umefungwa bandeji.

Wakili wa bima alinivua nguo kwa maswali mbele ya watu. Mimi pia nilikuwa na akiba kwenye benki ile. Mwaka jana hospitali ilitaka kuchukua malipo yangu ya bima kwa ajili ya bili ya mkono huu. Ikakataliwa kwa sheria hiihii. Siku hiyo nilipiga vigelegele, ni kweli. Akaniuliza, "Sheria ilikuwa nzuri ilipokulinda wewe?"

Nikamjibu, "Hospitali haikukatwa vidole."

Watu walicheka. Jaji hakucheka.

Nje ndugu wa Ogola alikuwa na wanaume wake. Walianza na matusi, wakaingia kwa mawe. Moja limenipasua juu ya jicho. Pamela amepoteza meno mawili. Atieno naye alitupa. Nilimwona vizuri, alichuchumaa akaokota.

Jumatano, 12 Machi

Nataka Ogola afe. Afe humo jela, polepole. Na ndugu yake. Atieno sijui.

Jicho limefungika. Sijauza.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeshindwa.

Jaji alisoma taratibu. Alisema amana ikifunguliwa kwa anayedai leo, hata kama dai lake ni la haki, kesho itafunguliwa kwa mwingine, na mwishowe mtu mdogo hataweka shilingi yake benki. Alisema anasikitika kwa yaliyonipata. Alisema fidia yangu bado ipo, nimngoje Ogola atoke apate mali. Miaka kumi na minne.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilimwelewa.

Nilifika nyumbani nikapiga ukuta kwa mkono mbovu hadi kovu likapasuka. Pamela alinikalia kifuani. Nilimuuma bega. Hakuniachilia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikutandaza biashara.

Saa tano Atieno alibisha. Peke yake, anachechemea. Alikuwa amebeba beseni la omena limejaa pomoni, akaliweka chini katikati ya nyumba. Nikamuuliza ni za mtumbwi upi. Akasema za ndugu wa Ogola, nyavu mpya za pesa ya bima, na wiki hii wamepimiwa wote. Kila mama alitoa bakuli moja kutoka kwenye zake.

Niliangalia mguu wake, kovu bado ni jekundu. Yeye aliangalia juu ya jicho langu. Tulichagua omena tukitoa mchanga mpaka beseni likaisha, kisha akarudi Asembo.

Awuor alitoka shule na njaa. Akaniuliza zimetoka wapi nikamwambia Asembo. Nilimkaangia na ugali. Alikula, akaomba nyingine, nikampa. Halafu nami nikavuta sahani.