Mkono Uliobaki Juu ya Fimbo

Papa,

Ungeniona ukaniambia "Takwenya," nami ningeitika "Iko" na kuinamisha kichwa ili unishike utosini. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana tangu nikiwa mtoto, na hata nilipokuwa mama wa watoto wakubwa bado niliinama. Sasa niko hapa Noonkopir, kwenye meza ya jikoni, na kabla sijashika kalamu nimejikuta nimeinama. Hakuna mkono ulioshuka.

Nilitaka nianze na habari nzuri. Kwamba Yeyo anakula na anagombeza wajukuu kama kawaida, maana yake mama yetu ni mzima. Kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa. Yote ni kweli, lakini unanijua, mimi siwezi kuweka neno tumboni. Papa, nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa ajili ya Sironka.

Ulizikwa vizuri. Watu walijaa kutoka barabarani hadi kwenye zizi la ndama, na mchungaji akaeleza jinsi ulivyochunga Kitengela ilipokuwa nyasi tupu, ukaishi mpaka ukachunga katikati ya nyumba za ghorofa. Hakusema kwamba ulimkatalia ubatizo miaka na miaka. Nakumbuka ulivyomwambia kuwa kumwagia mzee maji kichwani wakati wa ukame ni uharibifu, arudi mvua ikinyesha. Mvua iliponyesha alirudi, masikini, na ulikuwa umeenda mnadani.

Tulitupa udongo mmoja mmoja. Yeyo, mimi, wajukuu, majirani wa kabila letu na wale waliohamia. Mwanao wa kwanza, Sironka, alisimama nje ya ua, upande wa barabara, kofia mkononi. Binti yake Naisula alimwendea akamvuta mkono aingie, akakataa. "Mzee alisema nisitupe udongo," alimwambia. "Nilimkaidi mara moja. Siwezi mara ya pili." Watu waliendelea kuimba, na mimi nilikuwa naimba nikimwangalia yeye, wala sikumbuki ulikuwa wimbo gani.

Mzee mzima, ana mvi, amesimama barabarani kwenye mazishi ya babake. Kwa sababu ya ng'ombe mmoja!

Najua hakuwa ng'ombe wa kawaida. Alikuwa dume la kengele, yule wa kijivu mwenye shingo nyeupe, aliyewaongoza wenzake mpaka malishoni, na ulikuwa ukimwimbia tukakucheka. Lakini ukame ule unaukumbuka. Mizoga ilikuwa imelala hadi kando ya lami. Wewe ulikuwa hospitalini Kajiado kwa ajili ya macho, na Sironka akamuuza dume lako kwa wachinjaji, akarudi na lori la marobota ya nyasi kwa ajili ya mitamba. Ulipofika nyumbani ulisimama langoni, kitambaa bado kiko jichoni, ukasikiliza kengele. Mimi nilikuwa nakumiminia chai niliposikia ulichomwambia: "Wewe hutatupa udongo kwenye kaburi langu." Hukupaza sauti. Afadhali ungepaza.

Ng'ombe wote walioko bomani leo ni wazao wa ile mitamba. Maziwa yao ulikunywa kila asubuhi, Papa, na ukaomba kuongezwa.

Tangu siku hiyo hukumgusa kichwa tena. Alikuwa akija anainama mbele yako, na wewe unamjibu salamu vizuri tu, unamuuliza habari za mvua na za gari lake, lakini mkono wako unabaki juu ya fimbo. Anakaa ameinama kidogo, halafu anainuka. Niliona hayo mara nyingi mpaka nikaanza kutoka nje nikisikia gari lake linaingia.

Na siku ile ya mwisho, hospitalini. Mimi ulinigusa, tena kwa mkono wenye sindano ya dripu, nesi akakufokea. Sironka akaingia akainama kando ya kitanda. Niliuona mkono wako ukisogea juu ya blanketi. Ulisogea kidogo tu, ukasimama. Ulikuwa umeishiwa nguvu au ulikuwa umebadili nia? Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Ningeliacha hapo, lakini Naisula anaolewa Jumamosi. Naisula wako, uliyekuwa unamsindikiza na mbuzi mpaka barabarani akienda shule, halafu unakaa palepale kwenye jiwe mpaka jioni eti mbuzi wamependa nyasi za hapo. Babake anapaswa kumpaka maziwa na kumwekea mkono kichwani kabla hajavuka lango. Sironka amesema hawezi. "Nasieku, mkono wangu hauna baraka," aliniambia. "Nitampa mtoto wangu kitu gani? Nimpe neno la mzee?" Ami zake wakajitolea kusimama badala yake, na Naisula akasema bila mkono wa babake haondoki, wageni warudi makwao. Anaringa kama wewe. Tukabaki hivyo, ng'ombe wa mahari bomani na bibi harusi amefunga mlango.

Na kuna fundi. Saruji ya kaburi lako iko stoo, inaanza kuganda kwa unyevu, na fundi ananiuliza kila akiniona sokoni aje lini kulifunika. Ninamdanganya. Leo mchanga haujafika, kesho maji hayapo. Sikutaka lifunikwe likiwa bado limepungukiwa na udongo wa mtu mmoja.

Mwishowe Yeyo ndiye aliyesema tuende kwa Parmuat. Neno la baba aliyekufa linaweza kuondolewa na mtu wa rika lake, kwa kuwa wote wa rika moja ni baba zetu. Lakini uliishi sana, Papa. Uliwazika karibu wote, kila mara unarudi unakaa na ugoro wako. Alibaki Parmuat peke yake, huko ndani nyuma ya Kajiado, naye tulisikia hainuki kitandani.

Tukaenda, mimi na Sironka, na sukari, majani ya chai, ugoro na shuka mpya. Njia nzima Sironka alikuwa akifuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi. Tulipofika, mwana wa Parmuat akatuzuia langoni. "Tafadhali, msimwambie mzee kwamba baba yenu amefariki. Tumemficha. Daktari amesema moyo wake hautaweza."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Tungemwombaje aondoe neno la marehemu bila kusema kuna marehemu? Nikamwangalia Sironka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona anaogopa waziwazi.

Parmuat alikuwa amelala akielekea mlango. Amekuwa mdogo sana, Papa, na macho yamekwisha, lakini ulimi bado. Aliposikia sauti yangu alisema, "Takwenya, mtoto wangu," akanigusa kichwa, akalalamika kwamba mke wa mwanawe anamfichia sukari. Halafu akauliza, "Baba yenu iko wapi? Mbona hakuja?"

"Hakuweza kuja," nikasema. Hilo halikuwa uongo.

Sironka akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya udongo akaeleza kila kitu, ukame, dume, nyasi, neno lako. Hakujitetea hata kidogo. Mwanawe mlangoni alikuwa amenikazia macho nisiseme.

"Bado anashikilia hiyo ng'ombe?" Parmuat akasema. "Sisi zetu zililiwa na simba, zikaibiwa, zikakufa na njaa. Hatukuwatupa watoto wetu." Akaanza kupapasa hewani akitafuta, na Sironka akasogeza kichwa chini ya mkono ule. Akamtemea mate ya baraka, akaacha mkono juu ya mvi zake, hakuuondoa haraka. "Mwambieni baba yenu nimemgusa huyu. Mkono wangu ni mkono wake. Kama hataki, aje tugombane."

Sironka alilia, Papa. Mimi nikajishughulisha na sukari, nikaiweka pale mzee anapoweza kuifikia.

Tulipokuwa tunaaga, Parmuat akanishika ukosi wa nguo, akanivuta karibu.

"Na umwambie aniwekee nafasi," akasema. "Asimpe mtu mwingine."

Mwanawe akainamisha macho. Mzee alikuwa anajua. Nadhani alijua kabla hatujaingia, akawaachia wanawe siri yao kwa sababu iliwapa moyo.

Ndiyo sababu nakuandikia. Nimetumwa, na nimefikisha: kichwa kimeguswa, na ukitaka kugombana kuna mtu wa rika lako aliye tayari. Mwekee nafasi. Kuhusu ule mkono juu ya blanketi, nimeamua ulikuwa unapanda. Kama nimekosea utanifokea tukionana, nitainama unifokee vizuri.

Jumamosi asubuhi, kabla Naisula hajapakwa maziwa, Sironka ataingia kwa lango, si kwa upande wa barabara. Nakuahidi nitasimama naye kaburini mpaka atakapofungua kiganja udongo udondoke.

Fundi nimemwambia aje Jumatatu.

Sere, Papa.

Binti yako,
Nasieku