Siku Niliyonyamaza Mbele ya Wanafunzi Wangu

Jumamosi jioni. Mvua haijaacha kunyesha tangu asubuhi hapa Khunyangu, na leo darasani kwangu hakuja mtu.

Si kwa sababu ya mvua. Wamewahi kuja ikinyesha kuliko hivi, viatu mkononi, wakicheka.

Mwaka mzima nimekuwa nikiwafundisha vijana kumi na wawili mambo ya ushirika, kila Jumamosi, katika chumba tunachoazimwa na kanisa. Ni mimi niliyewatafuta. Chama chetu cha wakulima wa mihogo kimejaa wazee, na niliogopa kwamba tukiondoka sisi kitakufa. Nikazunguka hadi Namboboto nikiwaambia vijana: njooni, chama hiki ni chenu pia. Nikawasomea sheria zake ukurasa kwa ukurasa.

Nekesa ndiye aliyezishika kuliko wote. Ana miaka ishirini na minne, analima shamba la kukodi pamoja na wenzake, na mihogo yao ndiyo safi kuliko yote inayofika stoo. Mwezi uliopita aliniambia anataka kugombea kiti kwenye kamati. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Alhamisi tulikuwa na mkutano mkuu wa kuchagua kamati. Jina la Nekesa lilipotajwa, mwenyekiti akasimama. Mwenyekiti ni mjomba wangu Wandera, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Akasema asiye na shamba lake mwenyewe si mwanachama kamili, hawezi kugombea wala kupiga kura. Wazee wakapiga makofi.

Nekesa hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ndiye ulitufundisha. Sheria inasema aje?"

Sheria inasema kila anayelima na kuleta mazao yake kwa chama ni mwanachama, shamba liwe lake au la kukodi. Naijua kwa kichwa. Kitabu chenyewe kilikuwa mapajani mwangu.

Nikamtazama mjomba. Nikatazama chini.

"Mwenyekiti ameshasema," nikajibu.

Vijana wangu walitoka wote kumi na wawili, mmoja mmoja, bila kelele. Afadhali wangenitukana.

Leo nimekaa darasani peke yangu hadi saa kumi. Kisha nikafunga mlango, nikaenda kwa mjomba nguo zikiwa zimelowa chapa. Sijawahi kumpinga maishani mwangu. Nilimfungulia kitabu kwenye kile kifungu, naye hakukitazama.

"Nakijua," akasema. "Tulikiandika na mimi nikiwepo."

Nikamuuliza, basi kwa nini? Alikifunga kitabu, akanirudishia.

"Hawa watoto wakikaa hapo, sisi tutaenda wapi? Nyumbani, tungoje kufa?"

Nilikuwa nimefika na hasira, ghafla sikujua niipeleke wapi. Tangu mkewe afariki, chama ndicho kitu pekee kinachomtoa kitandani asubuhi. Ningeweza kumwacha tu. Lakini nilimwambia nitamwandikia afisa wa ushirika kule Busia, na nitatia jina langu.

"Andika," akasema. "Lakini usikanyage tena hapa."

Nikiwa bado langoni kwake nilimpigia Nekesa simu. Nilimwambia ukweli wote: kwamba niliijua sheria, kwamba niliogopa, kwamba niliwauza. Alinisikiliza hadi mwisho. Yeye alikuwa Malaba, nilisikia malori yakinguruma nyuma yake. Walikuwa wamepeleka mihogo yao huko, kila mmoja akijitafutia mnunuzi wake kivyake.

Mwaka mzima niliwafundisha kuuza pamoja. Siku mbili tu, kwisha.

"Nimekusamehe, mwalimu," akaniambia, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Lakini kwa chama usituite tena. Tumeshasoma."

Nimekuwa nikilisikia hilo neno la mwisho tangu nifike nyumbani. Chai imepoa, sina hamu nayo.

Barua nimemaliza kuiandika. Jumatatu nitaipeleka Busia kwa mkono wangu mwenyewe. Pengine uchaguzi utarudiwa. Pengine kiti kitapatikana, na wa kukikalia asiwepo.

Nitaipeleka tu.