Sauti ya Elia Niliyoikata

Muscat

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute unakula angalau uji, maana Tabitha aliniambia tangu mazishi unaigusa sahani tu kisha unairudisha. Mgongo je? Na mvua, imeshafika hapo Iguguno? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niseme nini.

Barua nimempa mwenzangu wa hapa ghalani anayerudi Singida likizo. Kwenye simu tunaishia kulia wote wawili. Najua atakayekusomea ni Tabitha. Shemeji, nisamehe, humu kuna maneno ya mumeo yatakayokuuma. Soma tu.

Mama, nimefanya jambo la kijinga.

Unakumbuka Elia alivyonisumbua mwaka mzima nimtengenezee tovuti ya studio yake. Kila akipiga: "Dogo, tovuti imefikia wapi? Watu wa Nduguti wananiuliza watasikia wapi kazi zangu." Nilikuwa naitengeneza kwenye kompyuta ya ofisi saa ya chakula cha mchana, najiona fundi mkubwa. Alinitumia picha kavaa shati jeupe, nyuma yake ule ukuta aliobandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Nikamwambia haifai, apige nyingine. Akapiga. Nikasema mwanga hautoshi. Hakukasirika hata siku moja. Ni yeye aliyesema niweke namba yangu ya huku, kwa kuwa akirekodi huzima simu.

Ilibaki picha tu, ndipo akaugua ile homa ya siku tatu.

Tajiri wangu alininyima ruhusa, hilo unalijua. Mlipokuwa mnamzika, mimi nilikuwa napanga maboksi ya sabuni. Nilipotoka kazini nikaifungua tovuti watu waione, na ile picha ya trei za mayai nikairudisha. Sikuweza kumtupia kaka yangu udongo, nikaona basi nifanye hilo. Lakini neno marehemu lilinishinda. Nililiandika mara mbili nikalifuta.

Wiki iliyopita kwaya moja ya Kinampanda ikaniandikia, wakidhani mimi ndiye Elia. "Kaka Elia, tumependa kazi zako, tunaomba utupangie siku." Nilitakiwa kuwaambia, mama. Badala yake nikawajibu kama alivyokuwa akijibu yeye: "Karibuni sana wapendwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mje mmeshakula, njaa haiimbi." Kwa dakika zile chache Elia alikuwa mzima, ana kazi, anatafutwa na watu. Wakajibu kwamba wameshakodi gari. Tangu hapo kila nikishika simu niwaambie ukweli, vidole vinakataa.

Sasa wanakuja, na studio imefungwa. Ufunguo anao Baba Mdogo, na mila yetu naijua: vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini ipite. Jumamosi hiyo arobaini itakuwa bado. Nampigia magoti Baba Mdogo, kupitia kwako, afungue siku hiyo moja. Tabitha anaijua mitambo. Miaka yote aliyokaa kando ya Elia na mtoto mgongoni hakuwa akitazama tu. Baba Mdogo akikataa sitamlaumu. Nitawaandikia kwaya mwenyewe, safari hii kwa jina langu.

Ila kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonila.

Ile mashine ya kukamua alizeti ya jirani unaijua kelele zake. Kila kwaya ilipojipanga, Elia alichungulia dirishani akaita, "Mzee wangu, zima kidogo tuimbe!" Yule mzee naye akapaza sauti, "Imbeni upesi, alizeti yangu inapoa!" Wanakwaya wakicheka, Elia akahesabu moja, mbili, tatu, wimbo ukaanza. Yote hayo yalikuwemo kwenye nyimbo alizonitumia niziweke kwenye tovuti. Nikamwambia huo ni ushamba, watu wa mjini watatucheka. Nikakata mwanzo wa kila wimbo, na zile nzima nikazifuta huku kwangu. Alisema tu, "Sawa, fundi."

Juzi nimeisikiliza tovuti yote toka juu mpaka chini. Kwaya zipo, nyimbo za harusi zipo, hata tangazo la mbegu lipo. Elia hayupo. Kwenye studio yake mwenyewe hasikiki hata akikohoa, na aliyemtoa ni mimi.

Nyimbo nzima zimo kwenye kompyuta yake, nyuma ya kufuli la Baba Mdogo. Mlango ukifunguliwa, Tabitha, nitumie wimbo wowote kama ulivyo, usikate kitu. Na wewe mama, ukimsikia mwanao anaita dirishani, usitoke nje kulia. Kaa umsikilize mpaka wimbo uanze. Nami nitakaa huku nimsikilize.

Nisalimie Baba Mdogo kwa heshima zote, na mama yake Tabitha anayelala nawe siku hizi. Mkumbatie mtoto wa Elia kwa niaba yangu. Na yule jirani wa alizeti mpe mkono wangu. Tabitha alinisimulia kwamba siku ya mazishi aliizima mashine kutwa nzima, wala hakuna aliyemwomba.

Ni mimi, mwanao aliyebaki,

Yona