Njia ya Mkato Aliyoiulizia Baba

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wa mwili, maana moyo najua hauna nafuu, kama wangu. Huku tupo, tunapumua. Shangazi hushinda kwenye kiti cha Baba na hataki mtu akisogeze.

Uliniuliza kwenye simu siku za mwisho za Baba zilikwendaje, nikasingizia mtandao. Acha nikuandikie.

Tangu miguu imkatae, alishinda kitandani na redio kifuani. Siku moja nilipotoka kufundisha akaniuliza, Profesa wa kidato cha pili, ni kweli angani kuna mahandaki? Alikuwa amesikia wataalamu wakibishana kama ulimwengu una njia za mkato, wanazoziita matundu ya mnyoo. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: mnyoo aliye juu ya tunda anaweza kulizunguka lote, au akatoboa katikati na kutokea ng'ambo upesi. Hesabu hazikatai tundu kama hilo kuunganisha pande mbili za ulimwengu zilizo mbali mno, ila hakuna aliyewahi kuliona.

Mtu aliyetoboa milima kupitisha reli miaka thelathini hadanganywi kwa tunda. Akataka kujua nguzo za kushikilia tundu hilo ni za nini. Nikamwambia hapo ndipo penye kazi: tundu lingejifunga kabla hata mwanga haujapita, na kulishikilia kungehitaji kitu cha ajabu kinachosukuma badala ya kuvuta, ambacho hakuna aliyekipata cha kutosha. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi ni kama kuchimba mlima wa mchanga, ukiingia umejizika. Kisha akasema yeye angeingia hivyo hivyo, mradi atokee chumbani kwako.

Tangu hapo, kila nikirudi kazini aliuliza kama wamepata nguzo. Nikajua haulizi habari za mbinguni.

Dada, sina pa kujificha. Nilipokupigia nikasema Baba amekataza usiache kazi yako, anapata nafuu, maneno yale yalikuwa yangu. Baba alisema, "Mwite dada yako." Nami nikamjibu nimeshakuita, uko njiani. Miaka tisa nimemwogesha na kumlisha, naye kila nikiingia alichungulia nyuma yangu kuona kama umefika. Wivu ulinila. Nilitaka siku chache tu aniangalie mimi.

Hakuniangalia. Jumanne mchana aliomba nimgeuze asiupe mlango kisogo, akakata roho akiutazama. Safari yako ingechukua siku mbili. Alikungoja kumi na tisa.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukikaa kimya, nitaelewa. Shangazi anakusalimu sana. Hajui lolote kati ya haya, na kila asubuhi ananiuliza utakuja lini. Namwambia sijui.

Ni mimi,
mdogo wako.