Kata ya Mama Siku ya Hija

Lipingo,
Wilaya ya Nyasa.
27 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Joakim,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii inawakuta wazima huko Geita, wewe, wifi yangu Winnie na watoto. Kile kifua cha Edina kimepona? Mwambie Winnie asimfunike sana mtoto kwenye joto hilo. Najua atanuna, lakini mimi ni wifi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila likishapata jua anatembea mpaka ziwani na kurudi, na hakuna mtu njiani asiyesalimiwa. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, wamepatikana wengi. Nimewakaushia kiasi, nikipata mtu anayekuja huko nitampa.

Utajiuliza kwa nini dada yako, mvivu wa kuandika, ameshika kalamu wakati simu ipo. Nilijaribu kukueleza kwa simu, mtandao ukakatika nikiwa katikati, nami unanijua, sipendi kukatwa kauli. Isitoshe, habari yenyewe ni ya Mama na Baba Mdogo Raimundi, na nataka uisome taratibu.

Mwaka jana hija ya Kupalizwa Bikira Maria ilikwisha vizuri. Watu wa Litembo wakapanda zao milimani, na kabla ya juma kwisha habari zikaanza kushuka: huyu anahara, yule anatapika. Kipindupindu. Wengi waliwahi hospitali wakapona. Nicholaus wa Baba Mdogo, mpiga ngoma wa kwaya ya hukohuko Litembo, hakuwahi. Wewe ulishindwa kuja kumzika, kwa hiyo hukusikia kwa masikio yako kile Baba Mdogo alichosema pale kaburini, kwamba mwanawe ameuawa na togwa ya shemeji yake. Mama alikuwa amesimama palepale na shada mkononi. Akaliweka, akaondoka. Tangu siku ile hawakusemezana tena.

Simlaumu Baba Mdogo. Mfiwa husema lolote. Ila neno likishatoka halirudi, na hili watu walilibeba mpaka sokoni Mbinga.

Unaikumbuka kata ya Mama. Tangu enzi za Baba, akiwa katekista, mahujaji wakifika kutoka milimani na vumbi miguuni wanamkuta Mama mlangoni na chungu cha togwa, uji wake mtamu wa kimea. Anachota kwa ile kata ya kibuyu, anaonja kwanza mwenyewe wakimwona, halafu kata inapita mdomo kwa mdomo mpaka mtu wa mwisho. Na waliokosana wakishanywa kata moja, ugomvi umekwisha, hakuna wa kuufufua. Ndoa ngapi zimeponea kwenye kata ile, Mungu anajua.

Sasa, baada ya Pasaka akaja Bwana Afya mpya, kijana mmoja mwembamba anaitwa Meinrad. Alikaa na kamati ya kanisa letu la kigango akasema waziwazi kuwa hakuna awezaye kujua ugonjwa uliingilia wapi. Labda maji ya ziwa yaliyonywewa bila kuchemshwa, labda vyoo kuwa vichache, labda mikono, labda kata. Kwa hiyo akasema ataziba njia zote. Nilimpenda kwa hilo, maana hakumnyooshea mtu kidole.

Tulifanya kazi, Joakim. Wanaume walichimba vyoo vipya mbali na maji. Kina mama tulichemsha maji, mengine tukayatia dawa. Kila pembe kukawa na kibuyu chirizi, lile dumu la kuning'iniza: unakanyaga kijiti, maji yanatiririka, sabuni iko pembeni na kamba yake. Watoto walivipenda mno, wakatumalizia sabuni kabla hija haijaanza. Padre naye akatangaza kwamba anayehara abaki nyumbani, Mungu atampokelea nia yake hukohuko, na kila hujaji aje na kikombe chake.

Ikabaki kata. Kamati nzima ilimwogopa Mama. Wanaume wazima, wenye ndevu, walinituma mimi, eti binti ndiye anayejua kumwambia mamaye. Nilimkuta jikoni anapepeta kimea cha ulezi. Nikamweleza. Alipepeta kwanza mpaka akamaliza, ndipo akaniambia, "Hedwiga, nikiiweka kata pembeni, Raimundi atasema nimekiri."

Nikaupokea ungo, nikautundika ukutani. Ni kweli. Ukibadilisha jambo baada ya kusingiziwa, watu wanasema, si unaona.

Kesho yake akamwita Meinrad mwenyewe, akamuuliza kama kata kweli inaweza kuua. Meinrad akainamisha kichwa, akasema inaweza. Basi Mama akasema watakaosema waseme, hatutazika mtoto mwingine kwa ajili ya heshima yake. Atapika kama kawaida, na kata itabaki mkononi mwake, haitagusa kinywa cha mtu wala ukingo wa kikombe chochote. Nilitoka nje nikalia, sikuficha.

Siku ya hija mahujaji tuliwasikia kabla hatujawaona, maana vikombe vya bati viliwagonga viunoni kama njuga za mbuzi. Mama akajimiminia chake, akaonja wamwone, akaanza kuwamiminia kwa zamu. Mstari ukasogea, kicheko kingi, mikono bado ina povu. Halafu nikamwona Baba Mdogo.

Hatukutegemea angekuja. Amekonda, koti linamning'inia. Watu wakampisha mmoja mmoja mpaka mbele. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akasema, "Shikeni vikombe vyenu. Mimi sina, shemeji. Nimekuja kunywa kwenye kata."

Kila mtu alielewa. Alikuwa anayameza maneno yake mbele ya walewale waliomsikia kaburini. Na mimi, baada ya kampeni yangu yote ya sabuni na maji, nilimwomba Mungu Mama avunje sheria mara moja tu. Hata Meinrad aliangalia chini.

Mama akainuka na goti lake, akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Akatoka na kile kikombe cha bati cha Baba, chenye ua la bluu, ambacho tangu tumzike Baba hakijashuka kwenye msumari wake na wala hatukuruhusiwa kukifuta vumbi. Akakiosha kwa sabuni palepale kwenye kibuyu chirizi, taratibu, nje na ndani, watu wote wakitazama.

"Nicholaus alikuwa mwanangu pia," alisema. "Kata sikupi, Raimundi. Nakupenda bado. Kunywa kwa kikombe cha kaka yako."

Akammiminia. Baba Mdogo alikipokea kwa mikono miwili, akanywa machozi yakimtoka, akamaliza, akakinyoosha tena aongezwe. Mama akamwongeza. Nyuma kuna mama mmoja wa Kitai akaanzisha wimbo, na mstari ukaendelea.

Leo siku zinazohesabiwa kuwa za hatari zimepita. Meinrad amepiga simu vijiji vyote mpaka hospitali, hakuna aliyeugua. Anatembea kifua mbele kama mtu aliyeoa. Baba Mdogo amempigia Mama Jumapili, wakazungumza kahawa na mvua mpaka salio likaisha, wala hawakuligusa lile jambo.

Wasalimie wote: Winnie, Edina na yule mchokozi mdogo. Pankras wa jirani anakusalimu, anasema umesahau kuvuta nyavu. Mungu awafunike kwa mkono wake, kazini na njiani.

Mama naye ana ujumbe, na amesimama hapa kuhakikisha naandika. Anasema hija ijayo mje nyote, na kila mmoja na kikombe chake. Msitegemee kile cha Baba. Baba Mdogo alipanda nacho milimani, kimefungwa kiunoni, na Mama alimwona akiondoka nacho, akamwacha aende. Nilipotaka kuung'oa ule msumari mtupu alinikataza. Anasema kikombe kina mwenyewe sasa, na mwenyewe atakuja nacho kila mwaka.

Dada yako akupendaye daima,
Hedwiga