Leo Mfiwa ni Wewe

Magongo, Changamwe,
Mombasa.
16 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Baya,

Hujambo? Mkeo Josephine hajambo, na watoto? Joto la huko Lodwar mmelizoea? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanuna kila mvua ikinyesha. Simu yako nimeichoka. Nikikuuliza hali wanijibu "Mungu ni mwema, Bibi," kisha una mkutano. Ndiyo maana naandika.

Mchungaji wetu Jacktone amefiwa na mamake. Tukaenda kwake kumpa pole. Tumefika, nani anatupangia viti? Yeye. Nani anaomba, anatufariji sisi, anatumiminia chai? Yeye! Na waumini wameketi, kazi yao kuitikia amina.

Nikatazama mpaka nikachoka. Nikatandika mkeka, nikamwambia, "Mchungaji, lete hapa birika hilo. Keti. Leo mfiwa ni wewe."

"Bibi Kadzo, nikiketi nitalia."

"Sasa matanga ni ya nini?"

Akaketi. Alilia, mjukuu wangu, mpaka shati lake likalowa. Roseline, yule kiongozi wa kina mama, akaninong'oneza eti nimemwaibisha mtumishi wa Mungu. Nikamwambia asinitie wazimu. Mtumishi naye alizaliwa, hakushushwa na lori pamoja na mimbari.

Nilipoaga, mchungaji akanishika mkono, akanambia miaka yote hii anawaombea watu, hakuna aliyewahi kumuuliza yeye amelalaje. Neno hilo nimerudi nalo nyumbani.

Sasa nakuuliza wewe, mjukuu wangu, nawe pia ni mchungaji huko Lodwar, na unijibu kwa kalamu, usinihubirie. Tulipomzika babako, mwanangu Ngowa, ulisimama ukahubiri hata wageni wakakusifu. Niliona fahari, naam. Lakini chozi sikuliona. Ulilia lini? Ulilia wapi? Hao watu wako wanajua umefiwa na baba, au wanajua tu una sauti nzuri? Nani huko anakupokonya birika?

Najua utasema uko sawa. Kichwa kigumu hicho umekitoa kwangu.

Shangazi yako Nyamvula anakusalimu, na jirani yangu Mzee Kai, ambaye bado anadai chai yangu haina sukari na bado anaifuata kila jioni. Wabusu watoto.

Krismasi uje, bila visingizio. Kaburi la babako kule Kaloleni limeota majani, tutalipalilia mimi nawe. Suti iache Lodwar. Mkeka nitaubeba mimi.

Mungu akutunze, nawe umwachie nafasi ya kukutunza.

Ni mimi bibi yako, akupendaye hata nikikukaripia,
Kadzo