Pua ya Salhiya na Mkono wa Bibi Yake

Kiponda, Unguja
Machi 1996

Mpendwa Bi Shariffa,

Msaada ninaouomba kwako ni kwa jambo ambalo kila ninapojaribu kulieleza huonekana dogo mno kuandikiwa gazeti, na kila ninapoamua kulinyamazia hunikaa kifuani. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, binti, Salhiya, ambaye bado hajatimiza mwezi, na kama ilivyo desturi yetu nimerudi kwa mama yangu hapa Kiponda kulelewa mpaka nitoke arubaini. Nilisoma Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na huko ndiko nilikojuana na mume wangu, Mcha, mwalimu, mtu wa kijiji cha Paje, nasi tunaishi Bububu. Kwetu ni watu wa asili ya Kiarabu. Mama, Bi Rawiya, hakuipinga posa. Alisema tu kwamba kijana ana adabu, na kwa muda mrefu niliyachukua maneno hayo kuwa ni radhi kamili.

Kila asubuhi mama humwogesha mtoto, humlaza juu ya miguu yake aliyoinyoosha, humpaka mafuta ya nazi ya vuguvugu, humkanda mikono, mgongo na miguu, kisha humshika pua kwa vidole viwili na kuivuta taratibu ili irefuke. Hilo si geni, nadhani wengi wetu wa mjini tumepitia mikono hiyo, na mimi nimo. Lakini mama hukanda huku akisema. "Hii pua ya Paje," humwambia mtoto, "tutaipeleka mjini, inshallah, mwezi hautoki." Shangazi zangu hucheka. Mcha naye siku moja alikuja kututazama, akacheka pamoja nao, akasema, "Isije ikapotea njia tu, mama," kisha nikaona amenyamaza mpaka alipoondoka.

Wiki iliyopita alikuja mama mkwe wangu, Bi Wanu, ambaye hulima mwani huko Paje. Alimpokea mtoto, akamtazama sana, akasema, "Huyu marehemu mama yangu mtupu," kwa furaha ya mtu aliyerejeshewa kitu alichokwisha kukata tamaa nacho. Ukafika wakati wa kuoga. Mama akamkanda kama kawaida, na sijui kama alisahau nani yupo au hakujali, akayasema maneno yake yale yale, na safari hii hakucheka mtu. Bi Wanu akanyoosha mikono. "Nipe na mie nimkande mjukuu wangu, Bi Rawiya," akasema, akamkanda miguu, mgongo, hata vidole kimoja kimoja, ila pua hakuigusa. "Hii tumwachie mwenyewe," akasema, "avutie pumzi." Akaaga kabla ya chakula, wali ukiwa umeshapakuliwa. Hajarudi tena. Ametuma salamu tu kwamba jamaa zake wanamsubiri mtoto Paje. Na mama anataka nikae hapa hata baada ya arubaini, mpaka harusi ya binamu yangu Muzna itakapokaribia, ili mtoto, kwa maneno yake, "atakate kidogo" ndipo aonwe na watu.

Ingelikuwa ni hayo tu, pengine ningejua la kufanya. Lakini mimba imeniachia madoa meusi mashavuni, nywele hunitoka mafungu kwa mafungu kila ninapochana, na shangazi mmoja ameniletea kikopo cha mkorogo, akasema, "Usijiachie, mwanangu, mume anatazama." Tangu utoto nimeitwa mzuri, na sikuwahi kujiuliza uzuri huo ulikuwa na nini ndani yake zaidi ya rangi na pua, nilidhani elimu imenivusha mambo hayo, kumbe ilinifundisha kuyajadili tu. Sasa nikijitazama kwenye kioo simwoni yule niliyemzoea, wala sijui nimtafute wapi. Basi najiuliza kama hasira ninayoihisi ni kwa ajili ya binti yangu, au ni kwa ajili ya uso wangu, nami nimeivisha jina lake ili ionekane ina heshima. Juzi mama alikwenda sokoni, nikamwogesha mtoto mwenyewe huku mawazo yangu yako mbali, na nilipoinamisha macho nikakuta vidole vyangu viko puani kwake, vinavuta.

Mama amenifunga mkaja tumboni kwa mikono yake, amenipikia uji wa pilipili manga, hajapumzika tangu nijifungue. Nimzuie? Na nikimzuia, nimwambie nini nisimvunje moyo, na kwa haki gani, ikiwa mkono wangu nao unaijua kazi hiyo? Huenda nakosea hata katika kuliuliza swali lenyewe.

Wako,
Mama Salhiya


BI SHARIFFA ANAJIBU

Mama Salhiya, mwanangu,

Kwanza hongera ya mtoto, maana barua nzima umejihukumu na hukuacha nafasi ya mtu kukupongeza.

Unauliza hasira yako ni ya nani. Ni yako na ni ya mwanao, na hakuna mtihani utakaokutaka uzitenganishe. Umesoma sana, ni vyema, lakini mtoto atafahamu maneno kabla wewe hujamaliza kufikiri. Leo hajui Paje ni nini wala mjini ni wapi. Atakapojua, la kwanza atakalolisikia juu ya uso wake ni kwamba una kasoro inayotengenezwa. Hapo ndipo penye madhara. Pua yenyewe usiihofie: mimi nimewakanda wanangu wanne kwa mafuta hayo hayo, na wote wana pua ya baba yao, Mungu amrehemu, pana na nzuri.

Kwa hiyo ndiyo, mzuie. Haki unayo kwa kuwa wewe ndiye mama. Mkono wako kufanya vile si ushahidi dhidi yako. Kunaonesha tu kwamba desturi hii haihitaji mtu mbaya ili iendelee. Mama yako simwoni kuwa na chuki. Anamtengenezea mjukuu njia katika mji anaoujua yeye, mji uliokuwa ukitazama sura ya mtu kabla ya salamu. Lakini mapenzi hayo yamemtoa mgeni nyumbani kwenu bila ya kula, na mgeni mwenyewe ni bibi wa mtoto. Wewe ulikuwepo, ukanyamaza. Hilo usilirudie.

Sasa usiende ukamhutubia. Nakuona tangu hapa, utataka kuanza na historia. Kesho asubuhi kaa wewe, nyoosha miguu yako, mlaze mtoto, umwambie mama, "Nifundishe." Atakufundisha mgongo, atakufundisha miguu, na atafurahi kuliko unavyodhani. Mkono wake ukija puani, ushike, ubusu, useme, "Hapo basi, mama. Hii naipenda ilivyo." Iwe mko wawili, shangazi wasiwepo. Akinuna, mwache anune. Umelelewa naye, unajua hununa mpaka lini. Siku ya pili sema maneno yale yale, usiongeze.

Mcha alicheka kwa adabu. Mwambie uliona aliponyamaza, kisha nyamaza wewe, umpe nafasi aseme.

Kwa Bi Wanu usitume salamu wala usimwite. Ukishatoka arubaini, nenda Paje na mumeo na mtoto, kabla ya harusi, mtoto asipakwe poda. Usiende kumwombea mama yako radhi. Hilo ni lake, na pengine atalifikia mwenyewe. Wewe kaa jikoni umuulize juu ya marehemu mama yake: jina lake kamili nani, alikuwa na tabia gani, alicheka vipi, watu walimpendea nini. Mwanao ana uso wenye habari ndefu, na wewe huijui hata robo.

Kikopo kile kitupe, wala usimpe mwengine. Unanyonyesha, na aliyekuletea hajui kilichomo. Madoa na nywele muoneshe daktari. Wazazi wengi hupatwa na hayo, na mara nyingi hupungua. Ama yule unayemtafuta kwenye kioo, siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Aliyekuja ni mwengine, na nyinyi bado hamjazoeana. Mimi nimeisoma barua yake mara mbili, nikampenda.

Kisha nenda harusini na Salhiya. Wanawake watakuzunguka, watamfunua mtoto, na mmoja hakosi kuuliza, "Kamfata nani huyu?" Watanyamaza wote kukusikiliza, na mama yako atakuwa kati yao. Usicheke, usieleze. Mtaje marehemu yule kwa jina lake kamili, sema, "Bibi yake Mcha, wa Paje," halafu mtoe mtoto umpe aliyeuliza, ampakate.